Laini ya Ayeeyo Dahabo Haifungwi

Mimi nimestaafu. Msicheke. Najua nina miaka kumi na saba, najua ndevu zangu zote anaweza kuzihesabu mtoto wa chekechea, na najua kesho nina mtihani wa kemia ambao nitaanguka kwa heshima. Lakini kazi nimeifanya, kazi imenichosha, na kazi imeniacha. Kama huko si kustaafu, niambieni ni nini.

Kazi yenyewe ilikuwa kushika simu za watu wengine. Mjomba wangu ana kibanda cha pesa za simu mjini Garissa, karibu na soko la mifugo. Tangu darasa la saba, kila jioni baada ya shule na likizo zote, nilikaa pale nikiwasomea wazee meseji zao na kuwaongelea Kiswahili wakipigiwa na mtu asiyejua Kisomali. Cheo sikuwa nacho. Wateja waliniita Kastoma, kifupi cha kastoma kea. Mshahara ulikuwa chai, anjera, na mahali pa kulala nyuma ya kreti za soda.

Nawaandikia nyinyi mlio gredi ya saba na ya nane, hasa wale ambao mjomba au shangazi ameshawaambia likizo hii mkae kibandani "msaidie kidogo." Hicho kidogo ni kirefu kuliko barabara ya Wajir. Msikilizeni babu yenu.

Kwanza niwaambie kile ambacho mimi sikuambiwa: kazi hii ina upweke wake. Unakaa katikati ya simu za mji mzima. Simu ya muuza miraa inalia. Simu ya dereva wa lori inalia. Simu iliyoachwa ichajiwe, ambayo mwenyewe humjui hata kwa sura, inalia mpaka inazunguka mezani kama nzi aliyepuliziwa dawa. Yako imelala kimya kama kobe. Mama yangu yuko Ijara na ng'ombe, na mtandao wa huko unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, ambacho ng'ombe nao wanakipenda kwa kujikunia. Anapanda Ijumaa, ng'ombe wakimruhusu. Nimesoma meseji za mapenzi za watu wazima huku wamenitolea macho wakingoja tafsiri. Nimesoma za harusi, za talaka, za ngamia aliyezaa. Mimi mwenyewe, meseji pekee niliyowahi kutumiwa ya siku ya kuzaliwa ilitoka kwa kampuni ya simu. Ilinitakia maisha marefu na ikanikumbusha kununua bando. Na hata haikuwa siku yangu. Laini ilisajiliwa kwa jina la mjomba.

Mjomba huyo ninamwita abti, naye ananiita abti. Kama si mtu wa huku kwetu usikwame hapo. Kwetu jina la jamaa huenda na kurudi. Wewe ukiwa mjomba wangu, ukiniita unaniita mjomba. Bibi ni ayeeyo, na atakuita ayeeyo hata kama una masharubu. Mama ni hooyo, na mwanawe anamwita vilevile: hooyo. Mwalimu wetu mmoja mgeni alimsikia mama fulani getini akimwita kijana wa kidato cha pili, "Hooyo! Hooyo, njoo!" Mwalimu akauliza neno hilo maana yake nini. Tukamwambia, mama. Akamtazama yule kijana kwa huruma, akauliza, "Kwani ana watoto wangapi?" Swali hilo tulilitafuna muhula mzima.

Abti alinifundisha kazi kwa maneno machache, kwa sababu mdomoni mwake mswaki wa mti haukosekani. Somo la kwanza lilikuwa hili: meseji si pesa. Siku moja aliingia mfanyabiashara wa mbuzi aliyetoka Griftu, anahema, ameshika simu juu kama kikombe cha mashindano. Alikuwa ameuza mbuzi, na meseji imefika kusema pesa zimeingia. Alitaka tu nimsomee ili afurahi mara mbili. Nikaanza kusoma kwa madoido. Abti akaninyang'anya simu. Meseji hakuitazama. Akamwambia yule mzee aangalie salio. Salio lilikuwa lile lile la asubuhi, na meseji, tulipoitazama vizuri, ilikuwa imetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, imeandikwa ifanane na ya kampuni.

Tukakimbia sokoni. Mbuzi walikuwa wamepakiwa wote kwenye pikapu isipokuwa beberu mmoja mkaidi aliyekataa kupanda. Mnunuzi alikuwa anamvuta masikio huku injini inanguruma. Alipotuona akamwachia, akaruka kwenye usukani, na vijana wa soko wakamzuia. Abti alisema yule beberu ndiye peke yake pale sokoni aliyeangalia salio.

Somo la pili: mwenye haki ana subira, mwizi ana haraka. Ukisikia "usikate simu," "fanya sasa hivi," "usimwambie mtu," ujue kuna mkono unakuja mfukoni. Dawa ya Abti ilikuwa moja. Akiambiwa asikate simu, anajibu, "Sikati, ndugu yangu, ngoja niswali." Anaiweka simu mezani, karibu na redio, anakwenda kuswali kweli, na sunna juu yake. Akirudi jamaa ameshachoka, amekwenda zake. "Angekuwa mtu wa kweli," anasema, "angepiga tena kesho."

Mimi nilikuwa na dawa zangu pia. Siku moja ililia simu ya Ayeeyo Dahabo, muuza maziwa ya ngamia, ambaye nitawaeleza habari zake sasa hivi. Yeye alikuwa amekwenda kutawadha, nikapokea.

"Habari mama, napiga kutoka makao makuu. Naongea na Dahabo?"

"Ndiyo mimi, mwanangu," nikasema. Sauti yangu siku hizo ilikuwa inavunjika. Ilianza kama bibi ikaishia kama lori.

"Mama, hiyo sauti yako..."

"Mafua, mwanangu. Na uzee. Endelea."

"Mama, hongera, umeshinda zawadi!"

"Alhamdulillahi. Mbuzi?"

"Hapana mama, ni pesa taslimu..."

"Za kununulia mbuzi?"

"Mama, nisikilize. Nataka namba yako ya siri."

"Ya mbuzi?"

Alikata yeye mwenyewe. Nilicheka mpaka machozi, nikageuka nimpate mtu wa kumhadithia. Kibandani hakukuwa na mtu ila ndoo ya maji. Nikaihadithia ndoo. Haikucheka, lakini ilisikiliza mpaka mwisho, na hilo si jambo dogo.

Sasa, Ayeeyo Dahabo. Si bibi yangu wa damu. Aliuza maziwa kwenye kivuli cha kibanda chetu, kwenye vidumu vya njano vilivyofukizwa moshi, na kwa kuwa kivuli kilikuwa chetu na maziwa yalikuwa yake, tukawa jamaa. Simu yake ilikuwa kale kadogo ka vitufe, mfuniko umeshikwa na raba, kamefungwa kwenye ncha ya shali. Alikachaji hata kakiwa kamejaa. Na kila asubuhi kabla hajafungua kidumu aliniuliza, "Ayeeyo, hii kitu inafanya kazi?" Mimi natoa yangu, nampigia. Simu yake inalia. Haipokei. Anaisikiliza tu mpaka inyamaze, halafu anatikisa kichwa kama fundi aliyeridhika, anaanza kuuza.

Sababu ilikuwa mwanawe, Guled. Aliondoka safari ya tahriib, ile ya kupita majangwa ya watu kutafuta Ulaya. Kwenye safari hiyo simu ndiyo hunyang'anywa kwanza. Kabla hajavuka mpaka wa mwisho aliopita, aliazima simu ya mtu akamwambia mama yake: "Namba iliyo kichwani mwangu ni yako tu. Usiibadilishe." Tangu hapo, kimya. Wengine walihama kampuni kwa ajili ya bando za bei nafuu. Binti zake walimletea laini mpya na simu ya kioo. Akawaambia wampe ngamia achezee. Watu wana kaburi la kuzuru, wengine wana picha ukutani. Yeye alikuwa na namba.

(Kisomali chake nawatafsiria. Kiswahili chake, ambacho kila p ni b, nakiacha kilivyo, maana hakitafsiriki.)

Jioni moja simu ikalia. Akanikabidhi kama anayekabidhi kaa la moto. Nikaweka spika, kwa sababu alipenda kusikia kila kitu kwa masikio yake, hata kile asichokielewa.

"Mteja wetu, laini yako haijasajiliwa upya. Inafungwa leo, saa kumi na mbili."

Kabla sijafungua mdomo Ayeeyo alishalishika neno moja. "Inafungwa? Laini yangu?" Akainama juu ya simu, akapiga kelele. "Usifunga! Guled atabata mimi wabi? Mtoto yangu Guled iko safari, hana namba ingine!"

"Pole sana mama," ile sauti ikasema, na sasa ilikuwa polepole, kama ya mtu aliyeona kitu barabarani na hataki wengine wakione. "Guled ni mwanao? Yuko safari ya wapi?"

Nikakata. Nikamweleza kwamba kampuni haifungi laini ya mtu kwa kumpigia na kumtisha, wala haimwombi namba yake ya siri. Ukiwa na wasiwasi, unapiga wewe, kwa namba ya huduma unayoijua, au unakwenda dukani kwao na kitambulisho chako. Kesho yake nilimpeleka. Laini ilikuwa nzima kama mnazi. Akamkaripia binti wa pale kaunta kwa kumsumbua, ingawa hakumsumbua, na tukarudi.

Lakini jina lilikuwa limeshatoka. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, wadogo zangu. Wanaificha namba ya siri kwenye soksi, halafu majina ya watoto wanayaacha nje kama kandambili. Tapeli akikosa namba huondoka na jina. Jina halihitaji chaji, linakaa kwake mpaka siku atakayolitaka.

Alilitaka siku ya soko, kivuli kimejaa watu wanaokunywa maziwa. Simu ikalia, namba ngeni. Nikaweka spika.

"Hooyo," ikasema sauti. "Hooyo, ni mimi. Guled."

Kikombe cha kupimia kilimponyoka Ayeeyo. Maziwa yakaenda mchangani na hakuna aliyeyatazama. Akaanza kusema kwa Kisomali, haraka, maneno yanapandana: uko wapi, umekula, nani yuko na wewe, ni wewe, ni wewe.

"Hooyo, ongea Kiswahili," ile sauti ikasema. "Hawa nilio nao hawataki nizungumze lugha yetu. Wataniumiza."

"Sauti yako... sauti yako imekuwa nini?"

"Mafua, hooyo. Baridi ya huku."

Mafua! Ile ilikuwa dawa yangu mwenyewe, kutoka duka langu mwenyewe. Nilitaka kucheka. Nikageuka kumtazama Ayeeyo na kicheko kikafa njiani. Uso wake ulikuwa umefunguka wote, kama duka siku ya Idi.

"Nisikilize, hooyo. Simu yangu wamechukua. Nataka tufanye hii laini yako iwe yetu sote, nikupigie kila siku. Sasa hivi meseji itaingia ina tarakimu. Mtu akusomee, unitajie. Hiyo tu, hooyo. Lakini haraka."

Meseji ikaingia hapo hapo. Nikaisoma kimya kimya. Kuna ombi la kuhamisha laini hii. Usimpe mtu yeyote tarakimu hizi.

Eleweni kilichokuwa mkononi mwangu. Akizipata zile tarakimu, laini inahamia kwake, na kale kasimu ka raba kanakufa papo hapo. Pesa kidogo zilizokuwamo angezichukua, sawa, maziwa yatauzwa tena. Lakini ile namba ndiyo ilikuwa mlango wa pekee ambao Guled anaujua. Siku Guled wa kweli atakapoazima simu ya mtu na kubisha, mlango ungefunguliwa na huyu.

"Soma," Ayeeyo akaniambia.

"Ayeeyo, si yeye."

"Soma, nimesema."

"Ayeeyo, wallahi si..."

"Wewe ni nani wa kuniambia mwanangu si mwanangu? Uliwahi kumzaa? Soma, au nimpelekee yule wa duka la pili anisomee."

Na yule wa duka la pili angesoma. Yule husoma kwa sauti hata karatasi ya mandazi. Abti alikuwa msikitini. Ningeweza kukata simu, ningeweza hata kuitumbukiza kwenye kidumu, lakini Ayeeyo angeishi siku zake zote akiamini kwamba mwanawe alipiga na mtoto wa kibandani akamkatia simu. Kumwambia hakutoshi. Ilibidi asikie.

Mpango sikuwa nao, msije mkanipa sifa. Nilikuwa nanunua muda tu, nikikumbuka haraka na subira za Abti. Nikamwambia, "Sawa, Ayeeyo, nasoma. Lakini kwanza muite. Muite tu, vile ulivyokuwa unamwita."

Akaishika simu kwa mikono miwili. Watu wote kivulini walikuwa wameacha kunywa.

"Hooyo?" akasema. Taratibu, kama mtu anayeamsha mtoto aende shule. "Hooyo?"

 Kisha yule jamaa akacheka, kicheko cha upole, cha mtu anayemrekebisha mzee aliyechanganyikiwa.

"Hapana," akasema. "Hooyo ni wewe. Mimi ni Guled. Mimi ni mtoto."

Guled ameitwa hooyo tangu siku aliyozaliwa. Angeitika usingizini. Angeitika na mafua, na kipigo, na Kiswahili, na lugha zote za duniani.

Ayeeyo hakulia. Lile duka la Idi lilifungwa usoni mwake, ubao mmoja baada ya mwingine. Alikaa na simu vile vile mikononi, na aliposema alisema kwa Kiswahili ili aeleweke vizuri.

"Wewe. Mama yako iko hai?"

Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Nauliza. Iko?"

"...Yuko," ile sauti ikasema, na kwa mara ya kwanza haikuwa na mafua.

"Bigia yeye," akasema Ayeeyo, akanirudishia simu.

Sijui ni nani aliyekata. Nilipoitazama ilikuwa imeshakatika. Nikafuta ile meseji, nikaizuia ile namba, nikampigia mtu wa huduma kuripoti, mambo yote ambayo nyinyi pia mtayafanya na msiyasahau. Ayeeyo alikuwa anasukuma mchanga kwa mguu kufunika maziwa. Watu wakalipa, wakaondoka bila kubishana bei, jambo ambalo sijaliona tena kwenye soko lile.

Baadaye, ilhali haikuwa asubuhi, akaniuliza, "Ayeeyo, hii kitu inafanya kazi?"

Nikampigia. Ikalia. Nikangoja inyamaze kama siku zote. Haikunyamaza. Siku hiyo alibonyeza kitufe.

"Hallo," akasema.

"Hallo, Ayeeyo," nikasema.

Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli kimoja, magoti yetu karibu yagusane.  Tukakaa hivyo hivyo, kila mtu na simu sikioni, namsikia akipumua mara mbili, kwenye simu na kwenye hewa, mpaka salio langu likaisha.

Baada ya hapo nikawa mkali kupita kiasi, na huo ndio ugonjwa wa kazi hii: unaanza kumsikia mwizi hata kwenye adhana. Ndiyo namna nilivyostaafu. Simu ya Abti ililia, naye alikuwa anahesabu chenji, nikapokea.

"Habari za hapo. Mimi ni mwalimu mkuu, shule ya bweni, huku Modogashe. Ile nafasi mliyoomba ya kijana wenu ipo, lakini mthibitishe leo."

Leo! Haraka! Nikatabasamu. "Mwalimu mkuu, unapiga kutoka selo namba ngapi?"

"Unasema?"

"Nauliza, chakula cha jela siku hizi kina chumvi?"

Mswaki wa Abti ulidondoka chini. Alikuwa ameomba nafasi ile bila kuniambia, akitaka iwe habari njema. Alininyang'anya simu na nikamsikia akiomba msamaha kwa lugha tatu. Kwa hiyo chukueni na hili: shaka haina haja ya matusi. Sema, "Asante, nitakupigia mwenyewe kwa namba ya shule." Mwizi atakasirika. Mwalimu mkuu hatakasirika.

Nilipofika getini na sanduku langu, mwalimu mkuu alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Wewe ndiye Liban?"

"Ndiye, mwalimu."

"Karibu. Selo yako ni bweni la tatu, kitanda cha juu. Chumvi ipo."

Basi niko hapa. Modogashe ni njia panda. Malori yanapita kwenda Isiolo, yanapita kwenda Garissa, na mimi juu ya kitanda nimeshajua kuyatofautisha kwa mlio. Hakuna hata moja linalokuja kwangu. Simu ni marufuku. Mwezi wa kwanza kidole gumba changu kilikuwa kinajipapasa chenyewe, kinatafuta vitufe. Wenzangu wananiita Kastoma hapa pia, sijui nani aliwaambia, lakini hakuna aliye na simu ya kusomewa.

Jumapili mwalimu wa zamu anatupa simu yake, kila mtu namba moja, foleni mpaka kwenye tangi la maji. Mara ya kwanza nilipofika mbele niligundua namba niliyo nayo kichwani ni moja tu. Si ya mama. Mama alikuwa akinipigia yeye, nami namba yake nilikuwa nimeihifadhi kwenye simu, basi, kama watu wote wajinga. Niliyoijua ilikuwa ile niliyoibonyeza kila asubuhi.

Ikapokelewa kabla haijalia vizuri. Namba ngeni, Jumapili.

"Hooyo?" akasema Ayeeyo Dahabo.

Wadogo zangu, nilikuwa na neno moja tu la kusema ili mwanamke yule awe na furaha kuliko watu wote wa Garissa. Neno lenyewe ni fupi: haa. Ndiyo. Kwa kupumua kumoja niliielewa kazi ya yule jamaa kwa ndani, jinsi mlango ulivyo mwepesi kusukumwa. Kwa hiyo mkipiga simu kwa mtu anayengoja, tajeni jina lenu kwanza. Kabla ya salamu. Kabla ya kitu chochote.

"Ayeeyo, ni mimi, Liban," nikasema. "Ninapiga kutoka shule. Si Guled."

 Lori la Isiolo lilipita likaisha.

"Ayeeyo," akaniambia, lile jina langu lililokuwa lake. "Umekula?"

"Nimekula, Ayeeyo. Maharagwe. Simu inafanya kazi."

"Nimesikia. Siku hizi hakuna wa kuijaribu." Akakohoa. "Na mama yako umempigia?"

"Namba yake sikuishika, Ayeeyo. Na huko mtandao haupandi mpaka Ijumaa."

Akanitajia namba ya mama. Alikuwa nayo kichwani. Hajui kusoma, lakini aliwahi kumwomba mama amtajie, siku mama alipokuja mjini, kwa sababu alisema mtoto huyu ni mcheshi na watoto wacheshi hupotea. Akanifanya niirudie mpaka ikakaa. Kisha, kwa Kiswahili kile kile cha siku ile, akasema, "Bigia yeye," akakata.

"Mwalimu," nikasema, "bado moja."

"Foleni huioni?"

"Ni mama."

Akatazama foleni, akatazama uso wangu, sijui ulikuwa umefunguka au umefungwa. Akaniachia simu.

Nikapiga. Nikamwona mama akilini akiwa mbali na kile kichuguu, ng'ombe wamekikalia. Yule dada wa mtandao akaniambia mteja hapatikani kwa sasa, kwa sauti nzuri, isiyo na haraka yoyote. Nikamsikiliza mpaka mwisho, Kiswahili na Kiingereza. Angalau yeye hakuniomba namba ya siri.